Mlinzi Akiondolewa kwa Muda, Nani Atamrudisha?

Katika maduka ya kuchapa hati na kutengeneza kompyuta mjini Bujumbura, tangu Buyenzi na Bwiza hadi barabara za katikati ya mji, pana maneno matatu ambayo karibu kila mwenye kompyuta amekwisha kuyasikia: "kwa muda tu". Fundi huketi mbele ya chombo, huchomeka flashi yake, huona programu anayotaka kuiweka imekataliwa, kisha humgeukia mwenye mali na kumweleza kwa upole kwamba ulinzi wa kompyuta unasumbua, hivyo hapana budi auzime kwa muda tu, na kazi ikiisha atauwasha. Mwenye mali huitikia. Hajui ni kitu gani kinachozimwa, wala hajui muda huo utakwisha lini.

Ndugu msomaji, leo tunataka kuyapima maneno hayo matatu. Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo la mafundi, lisilostahili nafasi katika gazeti. Lakini ndani ya kompyuta za mji huu mna hesabu za maduka, tasnifu za wanafunzi, majina ya wagonjwa, orodha za waumini, barua za kazi na picha za wazazi waliokwisha kututoka. Kitu kinacholinda mambo hayo hakiwezi kuwa kidogo. Rai yetu ni kwamba ulinzi wa kompyuta usizimwe ili kuiridhisha programu. Na ikiwa siku moja patatokea haja ya kweli ya kuuzima, basi uzimwe kwa masharti, mwenye mali akijua, na urudishwe kwa mkono ulioukuta.

Mwandishi wa makala hii hasemi kwa kusikia. Katika mtaa wetu wa Buyenzi tuna chama cha kusaidiana katika misiba na harusi. Kila nyumba hutoa mchango wa mwezi, na aliyefikwa na jambo hupewa fungu lake kwa kadiri ya michango yake. Kwa miaka mingi hesabu ziliandikwa katika daftari na mama mmoja mweka hazina, mwenye mwandiko mzuri na kumbukumbu kali. Kisha tukachanga faranga, tukanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, tukamwambia mama apumzishe kalamu. Mwandishi, kwa kuwa ndiye katibu, akakabidhiwa chombo.

Siku moja tulikipeleka kwa fundi ili atuwekee programu ya kuandikia na kufanyia hesabu. Ile halali ina bei, na chama hakikuwa na fedha. Fundi akasema anayo nyingine pamoja na ufunguo wa bandia wa kuifungulia. Kompyuta ikaukataa ufunguo ule mara mbili, ikitoa onyo jekundu. Kijana akatabasamu. "Mzee, usiogope," akasema, "nauzima ulinzi kwa muda tu." Programu ikaingia, tukalipa, tukashukuru, tukaondoka.

Jioni ileile likajitokeza dirisha likisema kwamba Windows inajirekebisha, tusubiri. Tukasubiri. Asubuhi yake hakuna faili hata moja la chama lililofunguka. Kila jina la faili lilikuwa limeongezewa herufi ngeni mwishoni, na katika kila folda paliachwa barua fupi ya Kiingereza ikidai dola 980 za Marekani, au nusu yake kwa atakayewasiliana nao kabla ya kupita saa 72. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba hii ndiyo desturi ya jamii ya virusi viitwavyo STOP au Djvu, vilivyoenea duniani hasa kwa kujificha ndani ya funguo za bandia za programu, na kwamba lile dirisha la marekebisho lilikuwa pazia la uongo la kutusubirisha huku kazi ya kufunga mafaili ikiendelea nyuma yake. Mwezi Oktoba 2019 wataalamu wa kampuni ya Emsisoft walitoa bure chombo cha kufungulia aina nyingi za zamani za kirusi hicho. Aina yetu ilikuwa mpya.

Kilichotushangaza zaidi ni hiki. Fundi wa pili, aliyeitazama kompyuta baada ya msiba, alituonyesha kwamba kinga ya virusi haikuwa imezimwa. Ilikuwa imewaka, na alama yake ni ya kijani. Lakini katika orodha ya vitu ambavyo kinga hiyo imeagizwa isivikague, yule wa kwanza alikuwa ameandika diski nzima, ili ufunguo wake wa bandia usije ukaondolewa siku za mbele. Tena ukuta wa moto alikuwa ameuzima, nao ulibaki umezimwa. Zamu, kama tunavyomwita mlinzi wa usiku katika mji huu, alikuwa amerudishwa langoni, ila kwa amri ya kufumba macho. Na ukuta wa nyuma ya nyumba ulikuwa umebomolewa.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba maneno "kuzima ulinzi" yanachanganya mambo mbalimbali, na ni vema msomaji ayatenganishe.

Kompyuta zinazotumia Windows huja na walinzi wawili. Wa kwanza ni kinga ya virusi, iitwayo Microsoft Defender, ambayo tangu Windows 8 ya mwaka 2012 imekuwa sehemu ya mashine yenyewe bila malipo ya ziada. Kazi yake ni kukagua kila faili linapofunguliwa, linaposhushwa kutoka intaneti au linapoingia kwa flashi. Wa pili ni ukuta wa moto. Huyu hakagui mafaili. Yeye husimama katika milango ya mtandao, akaamua ni mawasiliano gani yaingie na yapi yakataliwe. Mmoja hupekua mizigo, mwingine hulinda njia. Kumwondoa mmoja hakumfanyi mwingine achukue kazi yake.

Sasa tazama tofauti yao katika huo "muda". Ukiizima kinga ya virusi katika ukurasa wa mipangilio wa Windows, itajiwasha yenyewe baada ya kitambo kifupi. Waliyoitengeneza walijua kwamba binadamu husahau. Lakini ukuta wa moto ukiuzima, haurudi wenyewe. Utabaki umezimwa leo, kesho na mwaka ujao, mpaka atokee mtu wa kuuwasha. Vivyo hivyo ile orodha ya vitu visivyokaguliwa: kilichoandikwa humo hubaki humo mpaka kifutwe. Kwa hiyo katika mambo matatu yanayofanywa kwa jina la "kwa muda tu", ni moja peke yake ambalo ni la muda. Mawili yaliyosalia ni ya kudumu.

Hapana shaka wapo watakaouliza: ukuta huo una faida gani hata tuuhangaikie? Historia yatoa jibu. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na ukuta wa moto ndani yake, lakini kwa kawaida ulikuwa umezimwa, na watu wengi hawakujua kwamba upo. Mwezi Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kikapita katika tundu la mfumo huo, kikaingia kompyuta hadi kompyuta bila mtu yeyote kubonyeza kitu, nazo zikawa zinajizima na kujiwasha. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ikatoa marekebisho makubwa ambayo, pamoja na mengine, yaliuwasha ukuta huo katika kila kompyuta iliyoyapokea. Ulinzi tunaouzima leo kwa kubonyeza mara moja uliwashwa baada ya hasara za watu wengi.

Yafaa tuwe waadilifu. Wanaozima ulinzi si wapumbavu wote, na sababu zao si za uongo zote. Wapo wenye kompyuta kuukuu ambazo ukaguzi huzifanya zitambae kama kobe. Wapo wanaonunua mega kwa faranga za kuhesabu, nao huona uchungu marekebisho ya kinga yanapozila kabla hawajasoma hata barua moja. Wapo wenye duka la kuchapa ambao kompyuta mbili hazitaki kushirikiana mashine moja ya kuchapia mpaka ukuta uzimwe. Na wapo waliokataliwa programu halali kabisa.

Maana walinzi hawa hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilitoa marekebisho ya kinga yake yaliyoidhania faili halali ya Windows XP kuwa ni kirusi. Kompyuta nyingi katika maofisi na hospitali zikashindwa kufanya kazi. Na tarehe 19 Julai 2024 marekebisho yenye kasoro ya kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike yaliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft, ndege zikabaki viwanjani na benki zikasimama. Asemaye kwamba mlinzi hakosei anadanganya.

Lakini mlinzi akikosea mara moja, je, dawa ni kumfukuza? Zamu akimzuia shemeji yako langoni kwa kutomjua, utamwambia: huyu ni wetu, mpitishe. Hutamwambia: nenda zako, acha lango wazi mpaka nikuite. Kompyuta zetu nazo zina njia hiyo ya kumtaja mgeni mmoja. Programu moja inaweza kuruhusiwa kupita katika ukuta wa moto, na ukuta ukabaki umesimama. Faili moja linaweza kuandikwa katika orodha ya visivyokaguliwa, pasipo kuandika diski nzima. Mashine ya kuchapia inaweza kushirikiwa kwa kuutambulisha mtandao wa dukani kuwa ni wa faragha, na kuruhusu ushirikiano huo katika mtandao huo peke yake, badala ya kuangusha ukuta hata ule unaokulinda uendapo hotelini. Na mtu akitaka kuweka kinga ya virusi ya kampuni nyingine, kwa kawaida hana haja ya kuizima ile ya asili kwa mkono, kwani yenyewe hujiweka kando mgeni aingiapo, na hurudi mgeni aondokapo. Fundi anayezijua njia hizi hazimi ovyo. Anayezima ovyo, ama hazijui, ama ana haraka.

Tuje sasa kwenye kiini. Ni nani hasa anayetutaka tuuzime ulinzi? Mara nyingi si programu halali iliyokosewa. Ni ufunguo wa bandia, ni mchezo ulioibwa, ni programu iliyovunjwa kufuli na watu tusiowajua. Maelezo yake huja yameandikwa waziwazi: kwanza zima kinga ya virusi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ni mgeni gani huyu ambaye kabla hajavuka kizingiti hutaka zamu aondolewe, mbwa afungwe na taa izimwe? Mwenye akili timamu hatamwuliza jina, atafunga lango.

Na kumbuka jinsi virusi vyenyewe vitendavyo. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichoonekana mara ya kwanza Novemba 2008 na kuenea kwa mitandao na kwa flashi, kikiingia kilianza kwa kuzima huduma za ulinzi na za marekebisho za Windows, na kuzuia njia za kwenda kwa watoa kinga. Adui huijua kazi yake ya kwanza. Sisi tunapouzima ulinzi wenyewe tunamfanyia kazi hiyo bila ujira, tena tunamlipa fundi aliyetusaidia.

Twajua hoja ya umaskini, nasi tuliitoa. Programu halali ni ghali kwa mshahara wa hapa. Lakini si kweli kwamba pana njia mbili tu, ya ughali na ya wizi. LibreOffice, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 2010, huandika barua na kufanya hesabu bila malipo, bila ufunguo, na bila kumtaka mtu azime kitu chochote. Laiti chama chetu kingeliambiwa hivyo siku ile, tusingelitafuta rahisi iliyotugharimu.

Pana hoja nyingine ambayo huisikia mara kwa mara: "Sisi huku Bujumbura, mbali na bahari, nani atatufuata?" Hoja hii ilikuwa na nguvu kidogo zamani, wakati intaneti ilipokuwa ya dishi, ghali na ya polepole, na virusi vilitufikia hasa kwa flashi. Lakini mwaka 2009 waya wa SEACOM ulitua Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Kutoka pwani nyuzi zikapanda bara, zikapita kwa jirani zetu, na nchi hii ikajenga mtandao wake wa taifa wa nyuzi chini ya Burundi Backbone System. Ni jambo la heri. Lakini njia inayoleta barua ya mwanao aliye Ulaya ndiyo hiyo hiyo impitishayo mwizi, naye haulizi kama unakaa Rohero au Kanyosha. Hakutafuti wewe kwa jina. Hugonga kila mlango uliopo duniani, na huingia ule uliofunguka.

Tarehe 12 Mei 2017 dunia iliona mfano. Kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika tundu moja la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho yake miezi miwili kabla. Kwa siku chache kilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Hakikumtaka mtu afungue barua wala abonyeze kitu. Kilitafuta kompyuta ambazo hazikurekebishwa na ambazo mlango wake fulani ulikuwa wazi kwa mtandao. Ukuta wa moto ulioufunga mlango ule ulitosha kukizuia nje. Na jambo hili latuhusu zaidi sasa, kwa kuwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, ambayo ingali ikitumika katika kompyuta nyingi kuukuu. Nyumba yenye nyufa ndiyo inayohitaji mlinzi zaidi.

Wako pia watakaosema kwamba sheria ipo. Ni kweli, mwaka 2022 Burundi ilitunga sheria ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mitandaoni, na ni sheria iliyokuwa ikihitajika. Lakini sheria humfuata mhalifu baada ya kosa, na yule aliyeandika barua ya dola 980 hakuacha anwani ya mtaa. Haki ikipatikana, michango ya chama haitarudi pamoja nayo.

Kwa hiyo tunasema hivi kwa wale ambao kweli wamefikwa na haja ya kuuzima ulinzi kwa muda, baada ya njia nyingine zote kushindikana.

Kwanza, nakili mafaili yako ya maana katika diski au flashi nyingine, kisha ichomoe na kuiweka mbali. Sisi watu wa Bujumbura hatuhitaji kufundishwa maana ya kuweka kila kitu mahali pamoja. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu letu liliteketea kwa moto, na wafanyabiashara ambao mali yao yote ilikuwa mle ndani walirudi nyumbani mikono mitupu. Nakala iliyobaki ndani ya kompyuta ileile, au katika flashi iliyoachwa imechomekwa, nayo huungua katika moto uleule.

Pili, ikague programu yenyewe ungali na mlinzi, kinga ikiwa imepata marekebisho ya karibuni, na uhakikishe kwamba imetoka kwa waliyoitengeneza. Onyo likitokea, lisome. Ikiwa limeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza usichokielewa, mwite mtoto wa shule akusomee, si aibu. Aibu ni kukubali usilolijua.

Tatu, kabla ya kuzima kitu chochote, kata mtandao: chomoa waya, funga waifai, zima na simu inayokugawia intaneti. Programu inayotaka uzime mlinzi na wakati huohuo uache mtandao wazi, iache ilipo.

Nne, fanya kazi moja tu iliyokusudiwa. Usifungue barua, usichomeke flashi ya mtu, usiende kunywa chai. Umeme ukikatika katikati, kama ilivyo kawaida yake, andika katika karatasi kwamba ulinzi ulikuwa umezimwa, maana utakaporudi utakuwa umekwisha kusahau.

Tano, urudishe ulinzi kabla ya kurudisha mtandao, na usiridhike na alama ya kijani peke yake. Tazama mambo matatu: kwamba kinga ya virusi imewaka, kwamba ukuta wa moto umewaka katika aina zote za mtandao, wa ofisi, wa faragha na wa hadharani, na kwamba orodha ya vitu visivyokaguliwa haina kitu usichokiandika wewe. Kisha iagize kinga ikague kompyuta nzima. Kazi ya kutazama mambo hayo matatu haizidi dakika tano, nasi tungelifanya hivyo siku ile, barua ya dola tusingeliipokea.

Kwa mafundi wetu tuna neno, tena la heshima, kwani wao ndio waliotufungulia mlango wa elimu hii. Vijana hawa hufanya kazi nyingi kwa malipo madogo, na wengi wamejifunza peke yao bila shule. Hatuwatuhumu wizi. Lakini fundi wa saa akiondoa kipande hukuonyesha. Fundi wa gari akifungua breki hakuruhusu uondoke kabla hajazifunga. Kwa nini basi fundi wa kompyuta aondoe ulinzi wa mali ya mtu na asimwambie ni upi, kwa nini, na kama ameurudisha? Ingefaa iwe desturi ya kazi hii kwamba mteja haondoki dukani kabla ya kuonyeshwa kwa macho yake ukurasa wa ulinzi, pamoja na ile orodha ya visivyokaguliwa. Haigharimu faranga hata moja, na fundi atakayeanza kuifanya atapata wateja kuliko mwenzake.

Na kwa wenye mali nasi tujiseme. Hakuna aliyetulazimisha. Tulitaka kitu cha bure, tukataka kipatikane upesi, na tukaona haya kuuliza mbele ya kijana anayejua zaidi. Kuuliza si ujinga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine ni wewe uliyekitia humo kwa mkono wako.

Chama chetu hakikulipa ile fidia. Hatukuwa na dola 980, wala hatukuwa na hakika kwamba mwizi angetimiza ahadi. Tulirudi kwa yule mama mweka hazina. Daftari lake lilikuwapo, limefungwa kwa kitambaa, na hesabu zake zilikuwa sawasawa mpaka mwezi ule tulipomwambia aweke kalamu chini. Miaka miwili iliyofuata ilibidi tuikusanye kwa stakabadhi, kwa kumbukumbu na kwa viapo, nyumba kwa nyumba. Nyumba nyingi tulikubaliana. Lakini katika majuma yaleyale mzee mmoja alifariki, na wanawe wakasema baba yao hakuwahi kukosa mwezi hata mmoja, ilhali hatukuwa na maandishi ya kuwathibitishia wala ya kuwakanushia. Tuliwapa fungu zima, kwani tulimjua mzee. Wapo wanachama walionung'unika, na wawili hawajarudi mkutanoni mpaka leo.

Huo ndio uliokuwa urefu wa ule muda mfupi. Kompyuta ilisafishwa na sasa yafanya kazi, walinzi wake wote wawili wako langoni, na kila mwisho wa mwezi mama huketi kando ya katibu akinakili hesabu katika daftari lake kwa mkono. Hakuna anayemwambia tena aweke kalamu chini. Ndugu msomaji, leo jioni, kabla hujaifunga kompyuta yako, fungua ukurasa wa ulinzi uyatazame yale mambo matatu. Huenda yuko mtu aliyekuzimia kitu kwa muda tu, naye amekwisha kusahau.